Nyumba Isiyo na Ndani

Baraka, tarehe 5 mwezi wa pili 2024
Asubuhi mawingu mazito upande wa ziwa, upepo kidogo, mvua bado.

Mdogo wangu Ndizeye,

Salamu kutoka kwetu sote. Mama hajambo isipokuwa goti, ambalo linamwambia mvua itakuja kabla mawingu hayajajua. Gentille wangu amepanda darasa na sasa ananisahihisha Kifaransa mbele ya wageni. Jirani yetu Solange amejifungua mtoto wa kiume, wa nne, na ameshaanza kututazama kwa huruma. Kibanda changu cha kuchaji simu kinaendelea: jua likiwaka ninafanya kazi, likikosekana ninapokea matusi ya wateja.

Sasa jambo lenyewe. Mama amesema ataandikisha jina lake pamoja na wanaorudi Burundi. Ofisi ya wakimbizi itaandika siku moja tu, tarehe 28 mwezi wa sita, na baada ya hapo haijulikani. Nilimwambia kwamba kule Rumonge baba mdogo Sinzinkayo amepanda michikichi katika kiwanja chetu mpaka kizingitini. Akajibu: "Basi nitalala chini ya muchikichi. Iko ya bwana yangu. Hapa mi nitakufa mu nyumba ya nani? Mama hafiake kwa binti yake kama vile hana mutoto mwanaume." Nikamkumbusha kwamba anaye mtoto mwanaume, na kwamba huko Misisi una nyumba ya matofali ya kuchoma, kama unavyotuambia kila Krismasi. Akasema: "Nimeisikia. Sijaiona."

Picha nimekuomba tangu mwaka juzi. Nimekwisha kuelewa kwamba kamera ya simu yako ni mgonjwa wa kudumu. Kwa hiyo nimepata njia nyingine.

Unalikumbuka lile shirika nililokuwa ninalisafishia ofisi kila Jumamosi? Limefunga mlango. Siku ya mwisho waligawana vitu: mkubwa alichukua friji, dereva akachukua viti, mlinzi aliyelinda vyote hivyo akapewa kalenda. Mimi nikapewa ndoo ya matofali ya plastiki ya kuchezea watoto, yale yanayong'ang'aniana meno. Mteja mmoja alinionyesha katika simu filamu ya matofali kama hayo yakijijenga yenyewe. Nimejifunza. Unafunga simu isitikisike, unapiga picha, unasogeza tofali kidogo, unaondoa mkono, unapiga tena. Picha kumi na mbili ni nukta moja, sekunde moja, ya filamu. Programu inaziunga, na kitu kilichokufa kinatembea.

Nitaijenga nyumba yako, Mama aione. Unachotakiwa ni kunieleza ilivyo. Nataka ukweli wa kila upande, maana unanijua, sipendi kukisia. Na usinipigie simu, kwa sababu simu ndiyo kamera. Andika, mpe Aubin. Pikipiki yake inapita Fizi na Lulimba kila wiki.

Dada yako,
Renilde

Asubuhi yake: Aubin hajafika bado, kwa hiyo ninaongeza kwamba jana nililala saa saba usiku.


Misisi, tarehe 27 mwezi wa pili 2024

Yaya Renilde, dada yangu mkubwa,

Barua yako imefika ikinuka ndagala, lakini inasomeka. Inaanza kama redio: mawingu, upepo, mvua. Hapa hali ya hewa ni moja tu, vumbi; mvua ikinyesha tunaliita matope. Mimi ni mzima, nimenenepa kidogo. Mwambie Mama nasali. Mwambie Solange hongera, na kwamba nami siku zangu zinakuja.

Kuhusu filamu, nimecheka mpaka watu wakanitazama. Mtu mwenye diploma anacheza na matofali ya watoto! Lakini kama ni kwa ajili ya Mama, andika.

Nyumba inatazama mashariki. Ukuta ni matofali ya kuchoma, yaliyopangwa vizuri isipokuwa pembe ya kulia, ambapo fundi alilewa. Mabati ni mapya. Mlango wa mbele ni wa buluu, na mbele yake kuna ngazi tatu, ya kati imepasuka. Dirisha la kushoto lina kioo chenye ufa chini. Kuna mparachichi, saa nne kivuli chake kiko kwenye ngazi, saa nane kimefika kwenye geti, saa kumi kinatoka nje barabarani. Geti ni la chuma. Ukilifungua bila kulinyanyua kidogo linalia kama mbuzi, basi lazima ulinyanyue. Mbwa anaitwa Waziri, analala upande wa geti lakini habweki kabla ya kula.

Picha siwezi. Watu wa dhahabu hawapendi mambo ya picha, hata kama ni ukuta.

Na kwa nini unaniandikia saa uliyolala? Je, mimi ni daftari lako?

Mdogo wako,
Ndizeye


Baraka, tarehe 18 mwezi wa tatu 2024
Mvua tangu alfajiri, nzito, ziwa lina rangi ya chai ya maziwa.

Ndizeye,

Sote tupo. Mama alipata homa siku mbili, ikapita. Gentille anataka kuitwa jina la Kizungu zaidi. Nikamwambia alilo nalo ni la Kizungu tosha. Saa niliyolala ninakuandikia kwa sababu ndivyo ninavyofunga daftari langu kila siku, na mkono umezoea. Ukitaka nisikuandikie, usisome mpaka chini.

Kazi imeanza. Simu nimeifunga kwa mpira wa baiskeli kwenye miguu ya kiti kilichopinduliwa. Dirisha nimelifunga, kwa sababu wingu likipita filamu inakonyeza jicho. Ninatumia taa ya sola peke yake. Ninavaa blauzi nyeusi, ile ya msiba, maana nguo nyeupe inarudisha mwanga juu ya matofali. Majirani wameuliza nani amekufa.

Makosa ya wiki ya kwanza ni haya. Matofali ya chini yalikuwa yanateleza, nikayabandika kwa uji mzito wa unga wa muhogo, kama tulivyobandika vitabu shuleni. Yakashika vizuri. Sisimizi pia wakaupenda ule uji. Nilipoitazama filamu nikawaona wawili wanapita mbele ya mlango wako, wakubwa, weusi, bila haraka. Kuanza upya ni wiki nzima, basi wamebaki.

Kosa la pili ni lako. Jumapili, tofali la mwisho la ukuta likiwa mkononi, ulinipigia simu. Simu ikatetemeka, ikasogea. Sasa katika filamu nyumba yako inaruka pembeni kama chura, kisha inatulia. Na ulikuwa unataka nini? Kuuliza kama nimepokea barua.

Matofali ya kahawia hayapo. Ukuta ni mwekundu mpaka madirishani, juu yake ni wa njano. Pembe ya kulia nimeipinda kwa heshima ya fundi. Tofali la buluu liko moja tu katika ndoo nzima, refu na jembamba. Hilo ndilo mlango. Mtu pia yuko mmoja tu. Ni wewe. Amevaa kofia ya mlinzi ambayo haitoki kichwani. Nimejaribu kwa meno.

Nje ya nyumba nimeimaliza. Hata ufa wa kioo nimeuchora kwa kalamu. Sasa nataka ndani, kwa sababu paa linafunguka na Mama atataka kuona. Vyumba vingapi? Ukipita mlango wa buluu, kinachofuata ni nini? Chumba cha Mama kiko upande gani, kinapata jua la asubuhi au la jioni?

Renilde

Nililala saa nane kasoro robo. Sisimizi walikuwa bado macho.


Misisi, tarehe 9 mwezi wa nne 2024

Yaya Renilde,

Salamu kwa wote. Pole kwa homa ya Mama. Huku tuko salama. Usiku nakaa nje kupunga hewa, ndiyo sababu nina mafua kidogo.

Nianze na kofia. Hiyo kofia mwondolee! Ikate kwa kisu, ichome, funika kwa kitambaa, sijui, lakini mtu huyo asionekane na kofia mbele ya Mama. Tangu lini mwenye nyumba anavaa kofia ya namna hiyo? Watu watasema nini? Ninakuomba kabisa. Kofia hapana.

Ukuta wa njano hauna shida.

Kuhusu ndani, ungeniuliza mapema ningekueleza. Kwa sasa ndani kuna mpangaji, Bwana Wilfried, mnunuzi wa dhahabu, pamoja na mke na watoto. Ni mtu wa heshima, ana gari. Nimemwachia nyumba yote kwa sababu familia yake ni kubwa. Unajua mpangaji akishaingia, hata mwenye nyumba anapiga hodi. Vyumba vipo vya kutosha. Jua linaingia vizuri. Mimi nimejibakizia chumba cha nje, karibu na geti, kinanitosha, mimi si mtu wa mambo makubwa.

Usiweke hayo ya mpangaji katika filamu. Weka nyumba tu.

Nawe kuna jambo hujalisema. Umeniandikia habari za taa, za blauzi na za sisimizi. Umeniandikia kwamba Mama anataka kuondoka. Hujaniandikia kama wewe unataka abaki. Tangu baba yake Gentille aende Kalemie na kusahau njia ya kurudi, sijakusikia ukitaka kitu.

Ndizeye


Baraka, tarehe 11 mwezi wa tano 2024
Asubuhi jua kali baada ya wiki za mvua. Ziwa limepanda mpaka kwenye mashamba ya Lweba; barabara ya Mboko inapitika kwa miguu na kwa imani.

Ndizeye,

Sisi tumesalimika, maji hayakufika kwetu. Solange amehamishia mbuzi wake jikoni kwetu, kwa hiyo ukiona alama za meno pembeni mwa karatasi hii, ni salamu zake.

Filamu imekwisha. Ni dakika moja na kidogo. Kofia imebaki, nilikuambia haitoki. Paa sikulifungua. Uliniandikia geti linavyolia, kivuli kinapofika saa nane, na anavyolala mbwa. Ya ndani hukuniandikia hata kiti kimoja. Nyumba yako, mdogo wangu, haina ndani. Basi nimeonyesha inavyojengwa kutoka chini mpaka bati, kisha mtu mwenye kofia anasimama mbele ya ngazi. Mwisho.

Jumapili baada ya misa niliionyesha hapa nyumbani. Mama akakaa kwenye mkeka, simu mkononi, Solange na bamama wengine watatu nyuma yake. Nyumba iliporuka akashika kifua.

"Tetemeko!" akasema. "Na haikuanguka. Munaona? Ile nyumba iko nguvu."

Sisimizi wakapita. Mama hajavaa miwani tangu ivunjike. Akasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayepokea sakramenti: "Iko na ng'ombe. Mbili. Hakunambia."

Niliwahesabu sisimizi: wawili kweli.

Solange akacheka: "Mama Renilde, lakini iko nyumba ya plastiki!"

"Nyamaza. We nani alikujengeaka hata ya bikaratasi?"

Akaitazama tena, na tena, mpaka chaji ikafika mwisho. Halafu akaniuliza swali ambalo nilitumaini hataliuliza: "Juu ya nini mulango haifunguke? Mutoto yangu anasimama inje kama mugeni. Hana funguo?"

Nikasema tofali la mlango limekaza.

"Basi mi nitaenda kuifungua," akasema.

Unamjua. Alisema nyumba iliyokwisha bila watu wa ukoo kuitaha, yaani kuizindua kwa pombe na baraka, ni nyumba ya ndege. Wiki nzima ametwanga mtama, ameuotesha, amepika pombe, na leo ipo katika kidumu cha njano, na mirija yake. Asubuhi hii anakuja kwako kwa pikipiki ya Aubin. Nimemfunga goti kwa kitenge. Barua hii nimempa Aubin na kumwambia akukabidhi mara moja, ndiyo kusema utaisoma Mama akiwa mbele yako.

Anasema akiingia na kukaa ndani, hatakwenda kuandikisha tarehe 28. Asipoingia, ataandikisha. Hilo ndilo jambo.

Renilde

Sikulala.


Misisi, tarehe 20 mwezi wa tano 2024

Yaya Renilde,

Mama amefika kwenu salama, Aubin amenihakikishia. Mimi ni mzima. Mafua yamepona.

Kwanza nikuulize. Filamu ilikuwa imekwisha. Simu ilikuwa haifungwi tena kwenye kiti. Kwa nini hukunipigia?

Ilikuwa saa nane na kitu, kivuli kilikuwa kwenye geti. Nilisikia hodi. Nikainuka, nikanyanyua geti kidogo kama ninavyofanya kwa kila mtu, nikafungua, na aliyesimama nje ni Mama, vumbi mpaka kwenye nyusi, kidumu kichwani. Nyuma yake Aubin ananipa barua yako huku anatazama miguu yake.

Mama hakuitazama nyumba kwanza. Alinitazama kichwani.

"Kumbe kofia iko ya kweli," akasema.

Akaingia uani. Akaitazama nyumba kutoka chini mpaka juu. Akahesabu ngazi kwa kidole. Akaenda kwenye dirisha la kushoto, akaugusa ufa. Akarudi.

"Renilde ameifanya vizuri. Ni rangi tu. Ng'ombe beko wapi?"

"Ng'ombe gani, Mama?"

"Zile mbili. Nyeusi."

Nikamwambia sina ng'ombe. Hilo la ng'ombe lilimuumiza kuliko la kofia, niliona. Akauliza nani yuko ndani. Nikaanza kusema kwamba kuna mpangaji. Akainua mkono, akasema: "Ndizeye. Nimetoka Baraka na goti moja."

Akauliza nalala wapi. Nikamwonyesha kibanda cha geti. Yaya, ni mbao, bati mbili na benchi. Ukilala unakunja miguu. Nilitaka kukimbilia kwenye mashimo ya dhahabu nisionekane tena. Mama akaweka kidumu chini, akatoa viatu, akainama, akaingia. Alivyoingia kibanda kikajaa. Akatundika kitambaa chake cha kichwa kwenye msumari wangu. Akakaa. Mimi nikabaki mlangoni, maana nafasi ilikwisha.

"Karibu," akaniambia mimi.

Tukaanza kunywa, kidumu kimesimama kwenye kizingiti, yeye na mrija wake ndani, mimi na wangu nje, na Aubin akaongezwa, kwani alisema hawezi kuendesha akiwa na huzuni. Na hapo ndipo gari la Bwana Wilfried likapiga honi.

Nikalifungua geti nikiwa na mrija mdomoni. Sikujua kwamba bado nimeushika. Akashuka.

"Hawa ni nani kwangu?"

Mama akatoa kichwa kibandani. Hakuinuka. "Mi ni Mama Ndizeye. Tunataha nyumba ya mutoto yangu. Karibu, baba, usisimame inje."

Nilihesabu kwamba kazi yangu imekwisha. Bwana Wilfried akatazama kibanda, akanitazama mimi, akatazama kidumu. Mama alikuwa ameshamnyooshea mrija. Na unajua, mtu hamkatalii mama mzee mrija, hata kama ana gari. Akavuta suruali magotini, akachuchumaa kwenye vumbi la uani kwake, akanywa. Akanywa tena.

Kisha Mama akasema maneno ya kutaha. Aliniombea amani, watoto, ng'ombe (akanitazama), na mwisho akasema: "Na Mungu akupatie usingizi muzuri mu hii nyumba."

"Hapana, Mama!" Bwana Wilfried akapiga kelele. "Huyu mi namulipa asilale!"

Walicheka wote wawili. Mimi sikujua kama nami naruhusiwa.

Alilala humo ndani ya kibanda. Mimi nililinda nje, kama kila siku. Asubuhi akaondoka. Hakunilaumu hata neno moja, na ninashindwa kulibeba hilo. Hakusema kama ataandikisha.

Ndizeye

Ninakuonyesha saa, kwa kuwa unazipenda: sikulala, na safari hii haikuwa kwa sababu ya kazi.


Baraka, tarehe 3 mwezi wa saba 2024
Asubuhi baridi kidogo, upepo kutoka milimani, anga safi. Ziwa limerudi nyuma, limeacha matope na kandambili moja moja zisizo na wenzao.

Mdogo wangu Ndizeye,

Tuko wazima. Mbuzi wa Solange wamerudi kwao. Gentille amekuwa wa pili darasani na analia kama wa mwisho. Samahani kwa kuchelewa kujibu. Nilikuwa nina kazi, utaielewa.

Uliniuliza kwa nini sikupiga simu. Simu ilikuwa kwenye chaji.

Mama aliporudi, bamama wote walikuwa uani wakingoja habari. Solange ndiye aliyeuliza: "Nyumba iko? Uliingia?" Mama akajibu: "Iko. Ni ile ile ya mu filme. Nimeingia, nimelala." Hakuna neno la uongo hapo, nimelichunguza. Mimi hakuniambia chochote. Wiki mbili alikuwa anakoboa mahindi na kuimba. Kisha siku moja akaniletea ndoo ya matofali, akaiweka miguuni pangu.

"Filme haijaisha. Umesahau kibanda cha geti."

Basi nikafunga tena simu kwenye kiti, nikavaa tena blauzi ya msiba. Kibanda kilikuwa rahisi: kuta tatu za kijani, bati la kijivu. Ila Mama alitaka mlango wake ufunguke, na kwa mlango alitaka tofali la buluu, lile lile. Nilimwambia hilo ni la nyumba kubwa. Akasema: "Ile nyumba kubwa iko na wenyewe. Batafute mulango yabo." Nikalitoa.

Tarehe 28, asubuhi, Mama aliamka mapema, akaoga, akavaa kitenge kile cha sikukuu, akaweka kadi yake ya ukimbizi kifuani. Ofisi ilikuwa inafungua saa mbili na kufunga saa kumi na moja. Nilimpikia chai. Wewe uliniandikia kwamba hujawahi kunisikia nikitaka kitu, nami nilikuwa nimeikariri sentensi hiyo mpaka imechakaa.

Kabla ya kutoka akasema: "Ngoja kwanza nione mulango ya Ndizeye." Akatazama kibanda juu ya meza. Mlango haukuwepo.

Akauliza liko wapi tofali la buluu. Nikasema labda limerudi ndooni. Akamwaga ndoo yote kwenye mkeka, akakaa na goti lake limenyooka, akaanza kutafuta, moja moja. Aliyapanga mekundu peke yake, ya njano peke yake. Saa nne Solange akapita kumwita waende pamoja ofisini kwa ajili ya foleni. Mama akasema: "Tangulia." Saa saba akala akiwa pale pale. Alitafuta chini ya kitanda. Alitafuta katika unga. Alimpekua hata mbuzi wa Solange aliyekuwa bado jikoni. Saa tisa wanawake waliokwisha kuandikisha wakaanza kurudi, wakamwambia foleni ni fupi sasa. Akasema: "Nakuja, kuna kitu napoteza."

Tofali lilikuwa kwenye pindo la kitenge changu tangu alfajiri. Lilinichoma kiunoni kila nilipoinama.

Saa kumi na moja ilipita. Tulisikia gari la ofisi likiondoka. Mama aliyarudisha matofali ndooni, polepole, na alipomaliza akanyoosha mkono upande wangu, kiganja juu, bila kunitazama.

"Leta sasa," akasema.

Nikampa. Akalifuta kwa kidole, akalisimamisha kwenye kibanda, akaona kama linafunguka. Linafunguka.

"Leo ilikuwa tarehe ngapi?" akaniuliza.

"Ishirini na nane, Mama."

"Aa. Nimesahau."

Huyu ni mtu anayekumbuka majina ya ng'ombe wote wa babu yake.

Filamu ninakutumia katika kadi ndogo ya simu, Aubin anayo ndani ya soksi. Mwishoni utaona mlango wa kibanda unafunguka, mtu mwenye kofia anatoka, anatazama kushoto na kulia, anarudi ndani. Ukitazama bila kupepesa utauona pia mkono. Ni wa Mama. Aliuweka katikati ya picha kunyoosha bati wakati ninabonyeza. Ni picha moja tu, hata nukta haijai. Nilitaka kuifuta, kisha nikaacha.

Mwonyeshe Bwana Wilfried kama anataka kuiona. Mwambie kwamba rangi si zenyewe, tunajua.

Dada yako,
Renilde

Asubuhi: Aubin anapiga honi. Mama anakusalimu, anauliza kama mafua yamerudi. Jana nililala saa tatu na nusu.